Barua ya wazi kwa wenye magari ya kasi wanaokuja Machakos Jumapili

Ndugu zetu wa usukani,

Nawaandikia nyinyi mnaoondoka Nairobi Jumapili alfajiri, magari matano, sita, wakati mwingine kumi, yamefuatana kama ya harusi, mkashuka na barabara ya Mombasa hadi Makutano ma Kyumvi, kisha mkakata kushoto kuja kwetu. Majina yenu siyajui na sina haja nayo. Tunawatambua kwa mlio. Kabla gari halijatokeza kwenye kona, vijana wa bodaboda wamekwisha kubishana kama ni V8 au V10, na mara nyingi hupatia.

Nitasema mapema ninachokitaka, ili mwenye haraka aishie hapa. Njooni Machakos mnavyopenda, lakini kasi yenu iondoeni kwenye barabara zetu za kila siku. Pesa, majina na simu mlizo nazo zitumieni kuomba barabara ifungwe siku maalumu, iwekwe wasimamizi na ambulensi, mkimbie hadi mtosheke.

Najua neno la kwanza litakalosemwa ni wivu. Sisi tunapenda magari, tena sana. Mji wetu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza huku bara kabla Nairobi haijawa mji. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa imetupita kando, na ukubwa wote ukahamia huko ilikopita. Tangu hapo tumeishi kwa barabara. Matunda ya Mua, mchanga wa mito yetu, vinyago vya Wamunyu, vyote hutoka hapa juu ya magurudumu. Mtoto wa kwetu huitambua Probox kabla hajajua kusoma. Mkiegesha mbele ya hoteli ya nyama choma, watu wanaoyazunguka magari yenu hawana kinyongo. Wanahesabu mabomba ya moshi, wanauliza bei ya tairi moja, wakiambiwa wanashika vichwa na kucheka. Hata askari wa trafiki hupiga picha. (Askari wetu, nanyi someni barua hii: picha pigeni, lakini kitabu cha faini kisikae mfukoni kwa sababu gari ni zuri.)

Ugomvi wetu uko kabla ya nyama choma, huko njiani.

Tazameni barabara ya kwenda Masii Jumapili saa mbili asubuhi. Waumini wamevaa nguo nyeupe, wanatembea ukingoni mwa lami kwa sababu njia ya waendao kwa miguu haipo. Punda wanne wenye mitungi ya maji, na nyuma yao mama mwenye fimbo. Bodaboda imebeba baba, mama na mtoto katikati. Lori la mchanga linapanda mlima taratibu, na Probox yenye abiria tisa imechoka kulisubiri. Barabara hiyohiyo ndiyo soko, ndiyo uwanja wa kukutania jamaa, ndiyo njia ya mazishi. Mhandisi aliyeichora huenda aliiona kama njia ya magari. Sisi tunaishi kando yake na juu yake.

Sheria inajulikana. Mjini na kwenye vituo vya biashara, kilomita 50 kwa saa. Gari dogo la binafsi lisizidi kilomita 100 kwenye barabara isiyogawanywa katikati, na 110 kwenye ile iliyogawanywa. Matatu na malori, 80. Sasa chukueni Lamborghini Huracán Evo: nguvu farasi 640, kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa sekunde 2.9, na mwisho wake ni kilomita 325 kwa saa. Maana yake ni kwamba gari hilo linaimaliza sheria ya Kenya kabla dereva hajamaliza kupumua mara mbili, na likiwa bado kwenye gia za mwanzo. Kila kilichowafanya mlinunue kiko ng'ambo ya sheria. Hilo si kosa lenu, ni umbile la gari. Lakini mnapaswa kulijua kila mnapobonyeza kitufe cha kuliwasha.

Mnasema breki zenu ni bora. Nakubali bila ubishi, nimeona zile diski zenye upana wa sinia. Gari la aina hiyo husimama kutoka kilomita 100 ndani ya mita 35 hivi, na hapa kwetu hakuna matatu inayothubutu kujilinganisha nalo. Lakini tupige hesabu. Kwa kilomita 200 kwa saa, gari linakula mita 55 kila sekunde. Jicho lione mbuzi, akili iamue, mguu uhame kutoka kwenye mafuta uende kwenye breki: sekunde moja na nusu imekwisha, na mita 80 zimepita kabla breki haijaguswa. Kisha, kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Zile mita 35 zinakuwa 140. Jumlisheni na 80. Mita 220, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa, na hapo lami ni kavu, tairi ni mpya na dereva hakulala saa nane usiku.

Lakini hesabu inayoniumiza zaidi si hiyo. Ni ya yule mama mwenye punda.

Amevuka barabara hii tangu alipoolewa. Hana kipima kasi, ana mwarubaini ulio kando ya barabara. Gari likiwa bado halijaufikia ule mwarubaini, yeye na punda wake wana muda wa kuvuka. Likiwa limeupita, anasubiri. Hesabu hiyo aliijenga kwa miaka, kwa matatu na malori yanayokuja kwa 80, na ni sahihi kabisa. Tuseme mwarubaini uko mita 250. Kwa gari la 80 ana sekunde 11, zinamtosha yeye na punda wa mwisho mkaidi. Kwa gari la 180 ana sekunde tano. Mnapokuja kwa 180 mnaibadilisha hesabu ya maisha yake bila kumwambia, na akikosea watu watasema alivuka ovyo.

Tena gari lenyewe halionekani. Huracán haifiki mita 1.2 kutoka lami hadi paa. Mtoto wa darasa la tano analichungulia kwa juu. Likiwa nyuma ya bodaboda, au limeingia kwenye bonde dogo la barabara, halipo. Halafu ghafla lipo.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani limewahi kutajwa kwenye mazungumzo yenu. Mjini Machakos kuna chuo cha ufundi cha wasioona, na ni cha zamani. Wanafunzi na wahitimu wake wako mitaani kwetu kila siku, na huvuka barabara kwa fimbo nyeupe na masikio. Sikio lililozoea linajua matatu inatoka wapi, iko mbali kiasi gani, inapunguza mwendo au inaongeza. Mlio wa V10 ukigonga kuta za maduka unatoka pande zote kwa wakati mmoja; asiyeona hawezi kujua asogee wapi. Na yale magari ya umeme, yanayoruka kwa kasi ileile bila mlio wa injini, ni mabaya zaidi kwake. Nikiwaona mkishindana kwenye taa za mjini, huyo ndiye ninayemfikiria.

Mtasema matatu ni mabaya kuliko nyinyi. Kwa idadi ya vifo, hamna pa kulinganishwa nayo. Nyinyi ni wachache. Kenya inazika watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Wengi wao hawakugongwa na Ferrari. Lakini matatu ilikwisha kufungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80, tangu kanuni za marehemu waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004. Kama kuna wanaokichezea kidhibiti hicho, ni wavunja sheria na wakamatwe. Nyinyi hamkufungwa chochote. Mliaminiwa.

Mtasema pia kwamba mnalipa kodi. Hili nalisikia sana, hasa kutoka kwa wenye magari makubwa, na lina ukweli ndani yake. Forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, vyote vikipangwa juu ya bei ya gari la namna hiyo vinafikia pesa za kujengea shule. Kila lita ya petroli inakatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, tangu zilipopandishwa kutoka 18 Julai 2024. Gari linalokunywa lita 20 kwa kilomita 100 linaacha shilingi 500 kwenye mfuko huo. Bodaboda ya lita mbili na nusu inaacha shilingi 62 na senti. Sawa. Lakini ushuru huo ni wa kuziba mashimo. Haukununua haki ya kupita mbele ya mtu, na mama mwenye punda naye anaulipa, kila anapopanda matatu kwenda hospitali na kila anaponunua unga uliosafirishwa kwa lori.

Msiseme ninawahofia bure. Barabara ya juu ya Nairobi ilipofunguliwa kwa umma Mei 2022, kilomita 27 kutoka Westlands hadi Mlolongo, watu walifurahi: hakuna punda, hakuna bodaboda, hakuna muuza njugu. Kasi ya mwisho iliwekwa kilomita 80 kwa saa. Siku chache hazikupita, gari lililokuwa likienda mbio likavamia magari yaliyokuwa yakisubiri kulipa kwenye kituo cha Mlolongo, ndani ya kaunti yetu, jirani na Syokimau, mahali palipopewa jina la yule nabii wetu anayesimuliwa kwamba aliiona reli kabla haijaja. Alimtabiri nyoka mrefu. Sidhani alitabiri mtu mwenye haraka ya kufika kwenye foleni. Tena hiyo ndiyo barabara bora kuliko zote tulizo nazo.

Sasa tuzungumze kuhusu mbio za magari za Safari, kwa sababu najua mioyo yenu iko huko, na wangu pia.

Safari ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa karibu miaka hamsini ilikimbiwa kwenye barabara za wazi. Wazee wetu waliiona ikipita Ukambani: vumbi, taa kali, kisha kimya. Hakuna aliyefunga barabara. Dereva wa mashindano alikutana na basi, ng'ombe, mwanafunzi na mlevi, wote wakiwa na haki ileile ya kuwa hapo. Ndiyo sababu Safari ilikuwa ngumu kuliko zote duniani, na ndiyo sababu magari ya kifahari yaliyokuja na majina makubwa yalirudi yamenyamaza. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 na Volvo iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Mwaka 1974, mvua ikiwa imegeuza nchi kuwa tope, huyohuyo Joginder na Mitsubishi Lancer ya cc 1600 alimwacha nyuma Björn Waldegård aliyekuwa kwenye Porsche 911. Porsche ilirudi tena mwaka 1978 ikiwa imeinuliwa juu na kuimarishwa kila mahali, ikaambulia nafasi ya pili. Porsche haikuwahi kuishinda Safari ile. Waldegård alikuja kulipiza kwa 911 mwaka 2011, mzee wa zaidi ya miaka 65, lakini hiyo ilikuwa Safari ya magari ya kale. Nawapa kisa hiki bure, mkasimuliane kwenye nyama choma.

Lakini tazameni walivyokuwa wakijilinda. Magari ya Safari yalifungwa vyuma vizito mbele, kwa ajili ya wanyama. Yalikimbia na taa zinawaka mchana. Timu tajiri zilikodi helikopta iruke mbele ya gari na kumwambia dereva kwa redio: kuna lori kwenye kona, kuna ng'ombe, kuna watu. Helikopta, ndugu zangu! Wale walikuwa madereva bora wa dunia, wenye mkataba na mshahara wa kuendesha, na hawakuyaamini macho yao wenyewe kwenye barabara ya Kenya. Nyinyi mnakuja na miwani ya jua.

Safari ya namna ile ilikwisha mwaka 2002. Fedha na maandalizi viliitoa kwenye mashindano ya dunia, na iliporudi mwaka 2021 huko Naivasha ilikuja na sura nyingine. Sehemu za kushindana hufungwa. Hakuna gari la kawaida, hakuna punda, watazamaji wamewekwa mahali pao. Kati ya sehemu moja na nyingine magari ya mashindano hupita barabara ya kawaida, yakiwa na namba za usajili, na hapo sheria ya trafiki inamhusu kila dereva kama inavyomhusu mwenye pikapiki ya maziwa. Kalle Rovanperä, bingwa wa dunia wa mwaka 2022 na 2023, aliyeshinda Safari mara mbili, alipotoka sehemu ya kushindana hakuwa na ruhusa ya kukimbia. Alipokuta lori, alikaa nyuma ya lori. Nataka mlifikirie hilo mkiwa nyuma ya lori la mchanga pale mlimani.

Na huko yanakotoka magari yenu? Italia, nchi ya Ferrari na Lamborghini, ilikuwa na mashindano yake ya barabara za wazi yaliyoitwa Mille Miglia, karibu kilomita 1,600 kupitia miji na vijiji. Tarehe 12 Mei 1957, karibu na kijiji cha Guidizzolo, Ferrari ya Alfonso de Portago ilipasuka tairi. Haikuwa kwenye kona. Ilikuwa kwenye barabara iliyonyooka, na dereva alikuwa mshindani wa kimataifa. Alikufa yeye na mwenzake, na wakafa watu tisa waliokuwa wamesimama kando kutazama, watano kati yao watoto. Serikali ya Italia ikapiga marufuku mbio hizo. Enzo Ferrari mwenyewe alishtakiwa, na ilimchukua miaka hadi 1961 kuachiliwa. Jina la Mille Miglia lilirudi mwaka 1977, lakini kwa magari ya kale yanayoshindania usahihi wa muda, si kasi. Waitalia hawakuacha kupenda magari. Waliacha kuyakimbiza katikati ya watoto.

Wajerumani walikuwa wamefika huko mapema zaidi. Mbio za milima ya Eifel zilikuwa zikipita barabara za vijiji, zikawa hatari, na watu wa eneo hilo walihitaji kazi. Kati ya 1925 na 1927 wakajenga Nürburgring. Leo ule mzunguko wa kaskazini una kilomita 20.8, na siku zisizo na mashindano mtu wa kawaida hulipa langoni akaingia na gari lake. Eneo lililokuwa maskini linaishi kwa hilo.

Sisemi Machakos ijenge Nürburgring. Hospitali kwanza, maji kwanza. Nasema kipande cha barabara kinaweza kufungwa asubuhi moja. Tuna tambarare za Athi na Kapiti, tuna milima ya Mua na Iveti yenye kona za kumtoa mtu jasho. Shirikisho la michezo ya magari nchini lipo na lina kanuni zake. Barabara kuu ni za KeNHA, za mashinani ni za kaunti, polisi ni wale wale mnaopiga nao picha. Ambulensi zikae pande zote mbili, hospitali ya Level 5 ijulishwe, wakazi waambiwe mwezi mzima kabla, chifu atangaze, kanisa litangaze. Siku yenyewe itawapa kazi: Jumapili ni ya kanisa, Jumamosi ni ya Wasabato, na siku za soko haziguswi. Ipo siku itakayopatikana. Mkipata moja kwa mwaka mtakuwa mmepata nyingi kuliko mlizo nazo sasa, kwa kuwa sasa hamna hata moja iliyo halali.

Na ada ilipwe. Watazamaji watakuja kutoka Kitui, Wote na Nairobi. Mahindi ya kuchoma yatauzwa, vyumba vitalala watu, vijana wanaosomea umakanika wataona injini kwa karibu badala ya kuliona gari likiwa mstari wa rangi unaopita. Hayo mtayafanya nyinyi, kwa sababu ombi la mtu wa Mua mwenye magunia mawili ya parachichi hukaa mezani likisubiri, na simu ya mmoja wenu hupokelewa mara ya kwanza. Sisemi ni haki. Ndivyo ilivyo, na itumieni.

Mpaka siku hiyo ifike, endesheni kama watu waliokuja kutembea. Matuta yetu hayana rangi wala alama, najua, na pua ya gari lenu iko karibu na lami kuliko sufuria ilivyo na jiwe la jikoni. Msiyatukane. Mara nyingi tuta huzaliwa baada ya mazishi: watu wamezika, wamesubiri serikali, wamechoka, wakaamka na majembe. Viwanda vyenyewe vimeanza kuelewa kwamba dunia si lami ya Dubai. Lamborghini ilitoa Huracán Sterrato iliyoinuliwa milimita 44, na Porsche ikatoa 911 Dakar. Lakini hata hayo yakija hapa kwa 180, hesabu ya mama mwenye punda ni ileile.

Mna mengi ya kufanya kwa mwendo wa polepole. Piteni Katumani, kwenye kituo cha utafiti kilichotupa mahindi yanayokomaa upesi kabla mvua haijakata. Hiyo ndiyo mbio tunayoiheshimu Ukambani kuliko zote. Nendeni Kituluni, pale Kyamwilu, barabara inapoonekana inapanda. Simamisheni gari, toeni gia, achieni breki. Litaanza kwenda lenyewe, kuelekea kule jicho linakosema ni juu. Wataalamu wanasema ni macho tu yanayodanganywa na umbo la vilima. Wazee wana maelezo mengine na ni matamu zaidi. Hapo Lamborghini na Probox zinatambaa kwa mwendo mmoja, na watoto wa pale watawacheka nyote kwa usawa. Mkimaliza, fungueni mlango, mmoja wao akae nyuma ya usukani dakika moja. Hamtapungukiwa kitu.

Kuhusu hilo ombi la kufunga barabara, msiniambie serikali haisikii. Mwaka 1938 Waingereza walipoanza kuchukua ng'ombe wa watu wa Machakos kwa nguvu, maelfu ya Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kumtaka gavana, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa, wanawake na watoto wakiwemo. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ya kikoloni ililegeza kamba na ng'ombe wakarudishwa. Wale walidai ng'ombe wao kwa wiki kadhaa. Nyinyi mnaomba asubuhi moja, na mnafika ofisi ya gavana kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo liandikeni. Semeni barabara ipi, siku ipi, saa ngapi hadi saa ngapi, nani atalipa ambulensi, nani atamfidia mwenye duka litakalofungwa. Leteni nakala sokoni Machakos, tuisome hadharani, na wapo wengi watakaotia sahihi pamoja nanyi, mimi nikiwa wa kwanza. Hadi majibu yatakapotoka, ni kilomita 50 mjini na 100 nje ya mji, na mkimwona mama mwenye punda, simameni avuke.

Wenu,
Mkazi wa Machakos